Gari ikitangatanga, usikimbilie kukaza stelingi boksi

Kila msimu mvua zikiisha lazima madereva wenzangu watatu wanne waniulize swali lile lile, gari inatangatanga, uko lami mkono wa kushoto unavuta mkono wa kulia unarudisha, hata kilomita moja hujatulia, na fundi keshabadilisha hiki na kile hela imeisha na ugonjwa uko pale pale. Naongelea Land Cruiser 70, hizi mkonga tunazobebea watalii na mizigo huku Arusha, gari zenye ekseli nzima mbele, yani tairi ya kulia na ya kushoto zimeshikwa na bomba moja la chuma lenye difu ndani. Mwenye Defender ya zamani au Jimny na yeye asome tu, mambo mengi yanafanana.

Nimeamua kuandika kwa sababu maneno mengi tunayoambiana vijiweni kuhusu stelingi sio ya kweli, na hii sio redio au kiyoyozi kwamba ikikosea utavumilia, ndani kuna watu.

Eti usukani ukiwa na mchezo (unageuka kidogo kabla tairi hazijafuata), stelingi boksi imekwisha, ikazwe

Hii ndio inayoongoza. Boksi ni lile sanduku la meno linalopokea mzunguko wa usukani na kusukuma rodi za tairi. Juu yake kuna skrubu yenye nati ya kuifunga, na fundi anaipenda kwa sababu ukiikaza robo raundi mchezo unapungua papo hapo, mteja anatabasamu, analipa, anaondoka. Ila boksi imetengenezwa meno yake yakibane zaidi pale katikati, usukani ukiwa umenyooka, na yalegee kidogo ukikata kona. Ukikaza kupita kiasi unabana pale pale katikati ambapo gari inaishi muda mwingi, basi usukani haurudi wenyewe ukitoka kona, unaganda ulipouacha, unarudisha kwa mkono unapitiliza, unarudisha tena. Kwa hiyo gari inatangatanga kuliko mwanzo, na meno ya ndani yanajila.

Yalinikuta. Fundi alikaza ile skrubu, nikashukuru, kesho yake nikapandisha na wageni sita. Kutoka Makuyuni mpaka Karatu ni lami, nikajua kitu hakiko sawa maana kila nikipishana na lori nilikuwa nasogea kuliko nilivyotaka, halafu kurudi ni kazi. Mikono iliuma siku tatu. Niliporudi mjini nikaenda kwa mzee mmoja ambaye hata boneti hakufungua. Alilala chini akasema washa injini, tairi zikae chini hapo hapo, peleka usukani kushoto kidogo, kulia kidogo, usisimame. Baada ya dakika moja akaniita nilale na mimi, akamweka kijana wake kwenye usukani. Nikaona kwa macho yangu ekseli nzima inasogea pembeni kabla tairi hazijaanza kugeuka, upana wa kidole hivi. Boksi ilikuwa nzima kabisa. Bushi ya panadi, yani ule mpira wa kwenye tundu lake la bolti, ndio ilikuwa imekatika.

Panadi ni ile rodi ndefu inayotoka kwenye chesisi upande mmoja ikavuka mpaka kwenye ekseli upande wa pili, kazi yake ni kuizuia ekseli isitembee kushoto na kulia. Hizi 70 kubwa zilianza kuwekewa springi za koili mbele mwaka 1999, kabla ya hapo zilikuwa na springi za majani mbele ambazo majani yenyewe ndiyo yalikuwa yanaishikilia ekseli. Ukishakuwa na koili, panadi ndio kila kitu kwa upande huo. Mpira wake ukifa au tundu la bolti likipanuka, unageuza usukani, boksi inasukuma rodi, na badala ya tairi kukata, ekseli yote inasukumwa pembeni kwanza. Dereva anahisi mchezo kwenye usukani, ila mchezo wenyewe uko chini, mbali kabisa na boksi.

Kipimo cha yule mzee mfanyeni wote, hakina gharama. Gari kwenye sehemu tambarare, gia fri, handbreki juu, mawe mbele na nyuma ya tairi, injini inawaka ili pawa ya usukani ifanye kazi, mtu mmoja anapeleka usukani kushoto kulia, hatua fupi fupi. Wewe chini unafuata safari ya nguvu kuanzia juu: zile jointi za shafti ya usukani, boksi na bolti zake (angalia na chesisi yenyewe pale boksi ilipofungwa kama ina ufa), mkono wa boksi, rodi inayokwenda kwenye tairi, tairodi inayounganisha tairi mbili, halafu panadi pande zote mbili. Pale ambapo kipande kimoja kinatembea na mwenzake bado amesimama ndipo ugonjwa ulipo. Vidole weka mbali, gusa jointi kwa nje tu.

Eti ukinyanyua na jeki ukatikisa tairi umeshajua kila kitu

Kutikisa kunasaidia, ila hakutoshi. Panadi hutaiona hivyo, kwa sababu uzito umetoka kwenye tairi na hakuna kinachobishana nayo. Jeki ni ya vitu viwili, beringi za hab (tairi inapozungukia) na beringi za kingpini (tairi inapogeukia kushoto na kulia), na watu wanavichanganya kila siku. Shika tairi juu na chini, sukuma vuta. Ikicheza, usiseme hapo hapo ni hab. Mwambie mwenzako akanyage breki kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea ni beringi za hab, maana breki imeishika hab pamoja na nako, kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachobeba hab na kugeuka na usukani. Ukibaki na breki imekanyagwa, ni kingpini. Nimeona mtu kanunua beringi za hab mara mbili, za pande zote, wakati kingpini ndio zilikuwa zinalia.

Na kingpini zenyewe hazifi peke yake. Ukikuta grisi ya kwenye nako imekuwa uji mweusi unaotiririka, ujue sili ya ndani imepita na oili ya difu inaosha grisi, maji ya mtoni nayo yakiingia ndio basi. Ukibadilisha beringi ukaacha sili hujafanya kazi. Kuna shimi, vipande vyembamba vya chuma, za kupanga ugumu wa zile beringi na kitabu cha gari kinatoa kipimo cha kuvuta kwa mizani ya springi, sasa fundi akikwambia yeye anajua kwa mkono tu, muombe apime hivyo hivyo. Zikilegea sana gari inatangatanga, zikibana sana usukani haurudi.

Eti weka stelingi dampa mpya, kubwa zaidi

Dampa haishiki gari kwenye mstari. Ni shokapu iliyolala, inapunguza mishtuko inayotoka kwenye tairi kuja mkononi, basi. Ikivuja badilisha, ila kama gari inatangatanga haitaponya, na zile za gesi zenye nguvu zinaweza kabisa kusukuma usukani upande mmoja.

Kinachoniogopesha zaidi ni ule mtetemo mkali wa ghafla, gari iko kwenye 80 hivi, unapiga shimo au tuta dogo, mbele yote inaanza kujitikisa kushoto kulia kwa nguvu mpaka unahisi tairi zinang'oka, haikomi mpaka upunguze mwendo karibu usimame. Watu wanafunga dampa mbili na mtetemo unaisha kweli, wanasema tumepona. Hamjapona. Panadi iliyolegea, kingpini zilizokufa, tairi ambayo haina balansi, vyote bado viko, mmevifunga mdomo tu, na siku dampa ikichoka vitarudi vikiwa vimechakaa zaidi.

Eti kompyuta ya alaimenti imesema sawa, kwa hiyo gari ni nzima

Kwenye ekseli nzima mtu wa alaimenti ana kitu kimoja tu cha kurekebisha, tairi za mbele zinatazamana kiasi gani, na anafanya hivyo kwa kuzungusha tairodi. Na hata hicho kipimo hakina maana kama tairodi endi, zile jointi za boli kwenye ncha za tairodi, zinacheza, gari ikitoka pale getini namba zimeshabadilika. Kasta, yani mlalo wa nako, yeye haigusi, imeshikwa na mikono ya ekseli (zile rodi nene zinazoizuia isiende mbele na nyuma) na bushi zake.

Kasta naomba tuielewe vizuri maana wenye gari zilizonyanyuliwa wanateseka bure. Tazama foku ya pikipiki, haijasimama wima, imelala kwenda nyuma, na ndio maana pikipiki ikishika mwendo inataka kunyooka yenyewe. Nako ya gari nayo imelazwa hivyo, digrii chache tu. Ukiweka springi ndefu mbele, mikono inashuka na kuizungusha ekseli, ule mlalo unapungua, inchi 2 za kunyanyua zinaweza kukuondolea kama digrii 2, na hukuwa na nyingi tangu mwanzo. Gari inakuwa nyepesi mkononi, watu wanaisifia usukani laini, halafu kwenye mwendo haijui mbele ni wapi. Dawa ni bushi za kasta zenye tundu lisilo katikati, au mikono iliyotengenezwa kwa urefu huo. Tairodi zungusha mpaka jioni, haitasaidia.

Na ukinyanyua, angalia rodi ya stelingi na panadi ukiwa mbele ya gari. Zinatakiwa zilale sambamba. Aliyekurekebishia panadi peke yake akaacha rodi kwenye mteremko wake amekuletea ugonjwa mpya, kila ekseli ikipanda na kushuka kwenye makunyanzi usukani unageuka wenyewe.

Eti tairodi endi inaweza kugongwa ikabana tena

Hapa sina upole. Nimeona kikombe kikigongwa kwa nyundo ili kibane boli, nimeona kimejazwa kipande cha bati, nimeona na kulehemu. Ile boli ikichomoka tairi moja inakwenda inakotaka, hakuna breki wala ujuzi utakaokusaidia, na barabara ya kutoka geti la Loduare kwenda ukingo wa kreta ya Ngorongoro mnaijua ilivyo. Tairodi endi iliyochoka inatolewa, inatupwa, inawekwa mpya, nati inapigiliwa na pini yake mpya sio waya wa kufungia uzio. Kama hela haitoshi gari isitoke.

Eti nyuma haihusiki na usukani

Inahusika sana, hasa kwetu tunaobeba. Yubolti za springi za nyuma zikilegea, au ile bolti ya katikati ya majani ikikatika, au bushi za majani zikiisha, ekseli ya nyuma inakaa mshazari kidogo kidogo kadiri unavyokanyaga na kuachia mafuta. Gari inageuzwa kutoka nyuma, wewe unarekebisha mbele. Dalili yake ni kwamba ukikanyaga inavuta upande huu na ukiachia inavuta ule. Mzigo uliorundikwa nyuma kabisa ya ekseli nao unainyanyua pua, mbele inakuwa nyepesi.

Tairi nimeziacha mwisho ila kwa kweli ndizo za kuanza nazo: upepo sawa pande zote, saizi na aina moja mbele, halafu hamisha za mbele nyuma uone kama tabia inabadilika. Rimu zilizotokeza nje na tairi pana zinafuata kila mfereji wa lami uliochimbwa na malori, na kila kilegevu kidogo kwenye stelingi kinaonekana mara mbili.

Jambo moja mafundi wengi wanaliruka. Bushi mpya za mpira, za panadi na za mikono, bolti zake zinakazwa mwisho gari ikiwa imekaa chini kwa tairi zake, na uzito wake wote. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia kwenye jeki, mpira unashikwa katika mkao ule, gari ikishuka unabaki umejipinda muda wote na unachanika mapema. Bushi yangu ya kwanza ya panadi ilikazwa juu ya jeki, haikumaliza hata msimu. Ya pili ilikazwa chini, tukarudi kuiangalia na spana baada ya safari ya kwanza ya Serengeti, na mpaka leo ndio iko pale.