Sanamu ya Buddha isomwe mkononi

Yule mzee mnene, kitambi wazi, kicheko mpaka masikioni, anayeuzwa madukani kama kileta bahati, si Buddha. Anaitwa Budai, mtawa wa China anayesimuliwa kuwa aliishi karne ya 10 akizurura na furushi lake. Baadaye watu walimwona kuwa ndiye Maitreya, Buddha anayesubiriwa. Sisi wa makumbusho tumezoea kuulizwa habari zake kabla ya nyingine yoyote.

Siddhartha Gautama, Buddha mwenyewe, mwasisi wa dini ya Kibuddha, alikaa karne kadhaa bila kuchongwa kwa umbo la mtu. Kwenye malango ya mawe ya Sanchi, India, yupo kwa dalili tu: nyayo, gurudumu, kiti kitupu chini ya mti. Sura ya kibinadamu ilishamiri kuanzia karne ya 1 hivi, huko Mathura, India, na huko Gandhara, eneo ambalo leo limo Pakistan na Afghanistan. Tazama masikio. Ndewe zimevutika kwa uzito wa vito alivyovaa alipokuwa mwana wa mfalme, lakini sasa hazina kitu, anasa ameziacha. Kile kinundu cha utosini ni ishara ya hekima.

Mengi zaidi yamo mikononi. Kiganja kilichoinuliwa kumwelekea mtazamaji kinamwambia asiogope. Viganja vilivyopakatwa ni vya kutafakari. Ninaoupenda mimi ni mkono wa kulia unaoshuka juu ya goti hadi ncha za vidole ziguse chini. Wageni hudhani amechoka, kumbe yuko katikati ya shauri. Usiku ule pale Bodh Gaya, chini ya mti ulio jamaa ya mkuyu, Mara mshawishi alimjia na majeshi yake akimtaka alete shahidi wa kuthibitisha kwamba anastahili kukaa pale. Buddha hakubishana. Aliigusa ardhi, nayo ikamshuhudia.

Katika hekalu la Kibuddha la Borobudur, kisiwani Java, Indonesia, ishara hizi zimepangwa kwa pande za dunia. Katika ngazi za chini, sanamu za mashariki zinagusa ardhi, za kusini zinatoa kwa ukarimu, za magharibi zinatafakari, za kaskazini zinaondoa hofu. Anayejua kuzisoma hapotei.

Mikono ikizidi miwili, usidhani ni madoido. Katika hekalu la Sanjusangendo, mjini Kyoto, zimo sanamu 1,001 za Kannon, mtakatifu wa Kibuddha mwenye huruma, zote za mbao, na kila moja inaitwa ya mikono elfu. Ukihesabu utapata 42. Miwili imekutana kifuani kwa maombi. Iliyobaki ni 40, na kila mmoja huokoa dunia 25. Hesabu inatimia 1,000, na mchongaji amepona kuchonga mikono 958 kwa kila sanamu.