"Nyeusi haikosei"? Inakosea, na mimi ndiye ninayeiona

"Nimekuja na nyeusi tu, maana nyeusi haikosei." Maneno haya huwa nayapokea mlangoni mwa studio yangu ya picha, mteja hajakaa hata kwenye kiti. Aliyenichosha wiki iliyopita ni mshauri wa fedha, mama mmoja mchangamfu, aliyeingia na hanga nne begani: koti jeusi, blauzi nyeusi, gauni jeusi, na sketi nyeusi "ya akiba". Nampenda mteja anayejiandaa, lakini hanga nne zile zilikuwa vazi moja.

Basi niseme tena. Jicho lako likitazama koti jeusi hujirekebisha lenyewe: linaiona kola, mshono wa bega, vifungo. Kamera haina subira hiyo. Inapiga mara moja, kwa kipimo kimoja cha mwanga, na kipimo hicho lazima kiwe cha uso, kwa sababu uso ndio unaotafuta kazi. Kitambaa cheusi hurudisha asilimia chache tu ya mwanga unaokiangukia. Kola inapotea, vifungo vinapotea, na fedha uliyomlipa fundi kwa ule mshono nayo inapotea.

Nikampiga mama yule picha tatu amevaa koti, mkono mmoja kiunoni, mwingine ameukunja mbele ya tumbo, pazia la nyuma likiwa la kijivu iliyokoza. Nikamgeuzia skrini. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mkono wangu huu uko wapi?" Ulikuwepo. Ila mkono wa koti ulikuwa umemezwa na kiwiliwili, kiganja kikabaki kinaelea tumboni kama cha mtu mwingine.

"Lakini si inapunguza mwili?" Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Nyeusi huficha vivuli na mikunjo iliyo ndani ya umbo. Umbo lenyewe hailigusi. Kinachomfanya mtu aonekane mwembamba pichani ni ule upenyo mdogo kati ya mkono na kiuno, na mstari wa koti unaoshuka vizuri kutoka begani. Nyeusi mbele ya pazia la giza inaziba vyote viwili: mkono, ubavu na tumbo vinakuwa bonge moja, na bonge hilo ni pana kuliko wewe. Ukihamia mbele ya pazia jeupe ndiyo kabisa, mzingo wako unachorwa kama kwa kalamu ya wino. Anayepunguza mwili ni fundi anayejua kukata kiuno, si rangi.

Kuna jingine. Nguo iliyo chini ya uso ni kama taa ndogo. Shati la rangi nyepesi hutupa mwanga kidogo kwenda juu, ukalainisha kivuli cha chini ya kidevu na mifuko ya macho. Nyeusi haitupi kitu, inakunywa tu. Ndiyo maana mtu aliyelala fofofo usiku mzima anatoka pichani kama aliyekesha msibani. (Kanuni hiyohiyo inawakumba wapenzi wa kijani kali na rangi ya chungwa: rangi inawarukia shingoni.) Na nyuzi, vumbi na manyoya ya paka sijavigusa bado. Kazi ya kumbandua mtu uchafu wa mabegani kwa selotepu, taa zote zikiwa zinasubiri, naijua vizuri mno.

Unataka uzito wa nyeusi? Chukua buluu iliyokoza, damu ya mzee, kijani iliyokoza au kijivu cha mkaa. Heshima ni ileile, na mshono unaonekana. Mama yule aliokolewa na mtandio wa damu ya mzee uliokuwa umejikunja mkobani kwake, ambao wala hakuwa ameufikiria. Na kama nyeusi kweli ndiyo utambulisho wako, mwanamuziki au mpishi ambaye watu hawajawahi kukuona na rangi nyingine, niambie mapema. Nitaweka taa ya nyuma ichore mabega, na wewe ulete kitambaa ambacho kazi ya mfumaji wake inaonekana, sufu kwa mfano. Mahameli iache nyumbani.

"Basi nitavaa nyeupe tupu." Nayo ina mambo yake. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga, hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Shati jeupe likitawala picha, kamera inapunguza mwanga, na uso mweusi ndio unaolipa. Mpiga picha anayeijua kazi atapima usoni, lakini ukivaa rangi ya maziwa unamrahisishia. Ndani yake vaa kitu cha rangi ya ngozi yako. Singlendi nyeupe chini ya shati jeupe jepesi, flashi inaianika.

"Vimistari vyembamba vinapendeza." Machoni, ndiyo. Vikikutana na safu za pikseli za kamera huzaa mawimbi ya ajabu yanayotambaa kifuani, wakati mwingine na rangi ambazo shati halina. Kuyatoa ni adhabu. Rangi moja, tafadhali.

"Utarekebisha kwenye kompyuta." Kipele, dakika moja. Shati lililokunjamana, hapana, kwa sababu kila kunjo lina kivuli chake na kila kivuli lazima kifuatwe katika picha arobaini. Piga pasi, lilete kwenye hanga, ulivae ukifika. Mkanda wa gari huacha alama kifuani ambayo naitambua kwa mbali.

"Nimenunua mpya kabisa kwa ajili ya leo." Ivae siku moja kwanza, ukae nayo, uinue mikono. Kola inayokaba huonekana machoni mwa mtu kabla haijaonekana shingoni. Iliyopwaya naweza kuibana mgongoni kwa vibanio na hakuna atakayejua. Iliyobana sina dawa yake.

"Picha ni ya kifua, chini haihusu." Bwana mmoja alikuja na koti safi la kijivu juu, kaptura ya mazoezi chini. Katikati ya kazi mwanga wa dirishani ukatulia vizuri kwenye ngazi, akakaa kidogo kupumzika, viwiko magotini, na hapo ndipo alipofanana na nafsi yake kuliko saa nzima iliyotangulia. Nikapiga. Picha anayo, imekatwa juu ya viwiko, na mpaka leo ananiuliza mikono aliificha wapi.