Plau haiingii ardhini? Ipime kwanza, mawe yaache

Wiki ya pili ya Oktoba, mama mmoja anayelima mboga upande wa Bwawa la Igombe alifika kwangu karakana, Kiloleni, Tabora, na guta. Juu ya guta kulikuwa na plau ya mtumba ya majembe mawili, na juu ya plau mawe matatu yenye masizi, yamefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii plau imenishinda. Trekta inavuta, yenyewe inapita juu juu kama inafagia uwanja."

Alikuwa ameinunua mwezi mmoja nyuma kwa ajili ya kitrekta chake, Kubota ya nguvu za farasi 18. Kilimfikia kutoka Japani na rotaveta peke yake, kama vinavyokuja vingi vya aina hiyo, na yeye alitaka kupindua ardhi, si kuisaga. Plau ilipogoma, aliyemuuzia akamwambia aongeze mawe. Mawe yaliposhindwa, akaambiwa amkalishe kijana juu. Hapo alikataa, na ninamshukuru Mungu kwamba alikataa. Nimewahi kumbeba mtoto wa miaka kumi na miwili kumpeleka hospitali baada ya kudondoka kutoka kwenye plau inayotembea, na kile kisigino chake sijakisahau. Asikalishwe mtu juu ya plau, awe mkubwa au mdogo, hata kwa hatua kumi.

Tena uzito haukuwa dawa ya tatizo lake. Kuna plau za aina mbili sokoni kwetu, na watu wanazichanganya. Plau ya sahani, ile ya masahani ya duara yanayozunguka, kweli inaingia kwa uzito wake, ndiyo maana ya sahani tatu inapita kilo 300 na kitrekta cha farasi 18 hakiwezi hata kuinyanyua. Plau ya majembe, ile yenye bamba lililopinda la kugeuzia udongo, inajivuta yenyewe kwenda chini. Ulimi wake, yaani kile chuma cha mbele kinachochana ardhi, umeinamishwa kidogo, na ukivutwa unazama mpaka kisigino, kile chuma cha nyuma kinachoburuzwa chini, kiukatalie. Ikiwa hiyo pembe imekwisha, pandisha mawe mpaka kesho, haitaingia. Utakachopata ni trekta nyepesi mbele, na usukani usioshika.

Harry Ferguson wa Ireland alilijua hili vizuri. Mfumo wake wa kuning'iniza plau kwa pointi tatu, aliopatia hataza mwaka 1926, ulikuwa hasa wa kuondoa haja ya plau nzito: udongo ukiivuta plau nyuma na chini, mzigo unahamia kwenye magurudumu ya nyuma ya trekta na yanashika zaidi. Trekta za leo, hata hizi ndogo, bado zinafuata wazo hilohilo.

Nikaifungua mawe, nikaishusha sakafuni, nikaanza na fremu. Naomba msomaji anielewe hapa, maana watu wengi wanaponunua plau ya mtumba wanaangalia rangi na unene wa ulimi. Ulimi unaisha, unabadilishwa. Kisigino kinaisha, kinabadilishwa. Boliti, pini, bushi, vyote ni vitu vya dukani. Fremu ikipinda, umenunua chuma chakavu. Kuna mafundi wanaoinyoosha kwa moto, lakini chuma hicho kikishaungua hakirudi na nguvu zake, na kisiki cha kwanza kitakipinda palepale.

Na visiki huku kwetu vipo. Mashamba mengi ya Uyui, Sikonge na Urambo yametoka kwenye miombo si miaka mingi iliyopita, na mzizi wa mninga uliokatwa usawa wa ardhi hauonekani mpaka umekugonga. Kwa hiyo ukikuta plau ya mtumba Tabora, chukulia kwamba imewahi kugonga. Swali lako ni nini kilichokubali kuumia pale ilipogonga. Plau nyingi zina boliti moja laini inayoshikilia mguu wa jembe, iliyowekwa makusudi ikatike ili fremu ipone. Ichunguze boliti hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ukikuta mtu ameweka boliti ngumu mahali pake, au amechomea kipande cha nondo, jua kwamba kila kisiki kilichofuata kilipigwa na fremu yenyewe.

Kupima fremu kunahitaji kamba na futi tu. Iweke plau mahali tambarare. Vuta kamba kutoka ncha ya ulimi wa kwanza hadi kwenye bomba la fremu lililo juu yake, pima, kisha fanya hivyohivyo kwa ulimi wa pili. Halafu pima kati ya ncha na ncha, na kati ya kisigino na kisigino. Nafasi hizo mbili zilingane. Zikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, mguu mmoja umepinda au umezunguka, na mimi siinunui kwa bei yoyote. Usipime kwa macho. Macho yanadanganywa na rangi mpya, hasa Septemba na Oktoba kila mtu anapotaka kuuza kabla ya mvua. Ukiweza kusubiri, nunua Machi au Aprili, watu wakiwa wamemaliza kulima na plau zikiwa zimelala uani bila kupakwa chochote. Kutu na nyufa utaviona wazi.

Fremu ya mama ilikuwa imenyooka kabisa. Nilimwambia hivyo kabla ya kumwambia kitu kingine, maana alikuwa amekaa kwenye ndoo akisubiri hukumu.

Nikachukua rula ndefu ya chuma, nikailaza chini ya jembe la kwanza kutoka ncha ya ulimi hadi kisigino. Kwenye plau nzima, rula inagusa ncha na inagusa kisigino, na katikati panabaki uwazi, milimita tano hivi mpaka kumi. Huo uwazi ndio unaoifanya plau izame. Ubavuni kuna uwazi mwingine mdogo kama huo, unaoifanya ishike upana wake isikimbie pembeni. Ya mama rula ililala bapa kabisa, hata karatasi haikupita. Ncha za ndimi zote mbili zilikuwa zimekula na kuwa mviringo kama kijiko. Mchanga wetu una tabia hiyo: unang'arisha bamba ndani ya saa chache, na unaimaliza ncha ndani ya misimu michache.

Ndimi mpya za plau hiyo hazikupatikana mjini, kwa hiyo nilichonga mbili kutoka springi ya lori. Ni kazi ya kawaida kwa mafundi wa hapa, na springi ni chuma kizuri kwa sababu ni kigumu bila kuvunjika ovyo. Jambo la kulinda ni matundu yake: boliti za ulimi zina kichwa bapa kinachozama ndani ya chuma, na shingo ya mraba inayozuia isizunguke. Nimeona watu wanafunga boliti za kawaida zenye kichwa cha pembe sita kwa nje. Udongo unajikusanya nyuma ya kile kichwa, unaganda, na plau inavuta tope badala ya kulima. Bamba la kugeuzia usilichomee hovyo. Chuma chake ni kigumu juu, na moto wa welding ukikipiga kinapasuka pembeni mwa kidonda.

Ikabaki kuifunga kwenye mikono mitatu ya trekta, miwili ya chini na mmoja wa juu, na hapo pini. Trekta hizi zina madaraja. Daraja la kwanza lina pini za chini zenye unene wa milimita 22, na ya juu 19. La pili ni 28 na 25. Daraja la sifuri, la vitrekta vidogo kabisa, ni 16 zote. Pima kwa kalipa kabla ya kulipa, maana trekta za Japani zilizotengenezwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya kwao mara nyingi zina mikono iliyokaribiana kuliko plau inavyotaka. Pini ikiwa nyembamba kuliko tundu, weka bushi. Kuiacha ichezecheze ni kujitafutia matundu yaliyopanuka kama yai.

Upande wa nguvu ya kuvuta, mama aliniuliza kama majembe mawili si mengi. Swali zuri, na jibu lake liko kwenye udongo. Majembe mawili ya sentimita 25, kina cha sentimita 15, kwenye udongo wa kichanga yanadai mvuto wa kilo 200 hivi. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mabondeni, yanadai kilo 500 na zaidi, na kitrekta chake kitazungusha matairi mahali pamoja. Shamba lake lina vyote viwili. Nikamfundisha kufungua jembe la nyuma akishuka bondeni. Na huko mbugani asilime udongo ukiwa bado unafinyangika: bonge ukilifinya mkononi likalainika kama ugali, arudi nyumbani, vinginevyo atatengeneza matofali.

Kuipanga ndiyo sehemu iliyochukua muda kidogo kuliko zote, dakika arobaini labda, na ndiyo watu wanairuka. Plau inageuza udongo kulia, kwa hiyo trekta inapolima, magurudumu ya kulia yanatembea ndani ya mfereji na ya kushoto juu ya ardhi. Basi iigize hali hiyo karakana. Nilipandisha magurudumu yote ya kushoto juu ya mbao za unene wa sentimita 15, kina tulichotaka, nikaacha ya kulia sakafuni. Nikaishusha plau sakafuni. Kisha nikazungusha skrubu ya mkono wa kulia mpaka fremu ikakaa sawa kutoka kushoto hadi kulia, nikiipima kwa pima maji. Halafu toplinki, ule mkono wa juu wa katikati. Ukiifupisha, ncha inainama. Ukiirefusha, ncha inanyanyuka na kisigino kinakandamiza. Ya mama ilikuwa imerefushwa mpaka karibu na mwisho wa uzi. Aliyemfungia alidhani anaipa plau nafasi. Niliifupisha mpaka kisigino kikagusa sakafu kwa wepesi tu.

Asubuhi iliyofuata tukaenda shambani. Mfereji wa kwanza usihukumu nao, magurudumu yote bado yako juu na plau imeinama upande. Piga mfereji mwembamba, wa kina kidogo, geuka, ingiza gurudumu la kulia ndani yake, na hapo ndipo kazi inapoanza. Jirani yake mmoja alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Plau ikazama ndani ya hatua mbili. Udongo ukapinduka ukalala, majani yote chini.

Tukasimama nikapima: sentimita 16 jembe la nyuma, 16 la mbele. Ila tabaka la udongo la jembe la mbele lilikuwa jembamba kuliko la nyuma, kwa sentimita nne hivi. Maana yake gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa karibu mno na jembe la kwanza, sehemu ya ulimi inakata hewa. Tukaizungusha kidogo ekseli ya plau, lile bomba lenye pini za chini, ili jembe la mbele lisogee kushoto, na raundi iliyofuata yakalingana. Ukiona hali kama hiyo kwako, usiguse toplinki, haihusiki. Kila tatizo lina skrubu yake, na ukizungusha mbili kwa pamoja hutajua ipi imeponya.

Mama alinipikia uji wakati kijana wake analima, na nikaona mawe yale matatu yamerudi chini ya sufuria. Yalikuwa mafiga yake.

Baada ya saa moja nilimsimamisha kijana, trekta izimwe kabisa, nikamkabidhi spana. Boliti mpya zikishapigwa na udongo zinalegea mara ya kwanza, hata ukizikaza vipi karakana. Kati ya nane, mbili zilizunguka robo duara. Akazikaza mwenyewe, akapaka mkono mchanga, akawasha.