Kikohozi cha mtoto, vumbi la Dodoma na dawa zinazokatishwa njiani

Mtoto akikohoa bila kupona, maneno ya watu ni mengi. "Ni vumbi tu." Kiangazi hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Kikuyu, kila mtu anakohoa, kwa hiyo maneno hayo yanaingia akilini. Lakini kikohozi kisichokwisha kinaweza kuwa cha sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi ambao mtoto huzaliwa nao. Hurithi jeni ya CFTR yenye hitilafu kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe huwa wazima kabisa. Chumvi na maji havipiti sawasawa kwenye seli za mwili, ute wa mapafu unakuwa mzito kama gundi, na bakteria wanapata makao.

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu." Kwao umeenea zaidi, ndiyo. Hata hivyo, ipo hitilafu ya jeni hiyo, 3120+1G→A, inayokutwa hasa kwa watu wenye asili ya Afrika.

"Basi ni TB." Kupima TB kwanza ni sahihi. Ila majibu yakitoka hana, naye bado anakohoa, haongezeki uzito, choo chake kina mafuta na ukimbusu unaonja chumvi, ombeni rufaa kwa bingwa wa watoto. Kipimo cha sistiki fibrosisi ni cha jasho: kloridi, sehemu ya chumvi, ikifika milimoli 60 kwa lita, ugonjwa huo unashukiwa sana.

"Amepata nafuu, aache dawa." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Bakteria aitwaye Pseudomonas hujijengea utando ndani ya ute, na dawa hupenya kwa shida. Tena mwili wa mgonjwa huyu huziondoa baadhi ya antibiotiki haraka kuliko wetu. Ndiyo maana daktari huandika dozi kubwa, pengine dawa mbili kwa pamoja kwenye mshipa kwa siku 14 au zaidi. Tobramisini, antibiotiki ya kuvuta kwa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu), hutumika siku 28, ikapumzishwa siku 28, ikarudiwa. Jirani anaweza kuona mtoto analishwa dawa ovyo, sivyo. Na amoksilini ya duka la dawa haimwezi Pseudomonas hata ukimaliza makopo matatu.

"Dawa nyingi hivyo zitaleta usugu, bora asipewe." Usugu upo kweli, sibishi. Lakini njia ya kuuzuia ni kuacha kubahatisha: makohozi yaoteshwe maabara, ijulikane ni bakteria gani na anauawa na nini. Tobramisini au jentamisini ya sindano inaweza kudhuru masikio na figo, hivyo damu yake ipimwe wakati wa matibabu.

"Atawaambukiza wenzake darasani." Ugonjwa wa kurithi hauambukizi, na mapafu mazima huwafagia bakteria hao. Akae na wenzake, acheze nao. Wanaopaswa kukaa mbalimbali, angalau mita 2, ni wagonjwa wawili wa sistiki fibrosisi, maana wao hupeana bakteria sugu. Muuguzi akiwaambia kliniki mkae mabenchi tofauti, mama, usidhani mwanao ananyanyapaliwa.