Seli za mpakani

Wiki tatu hizi nashinda na mafuriko ya kuigiza kwenye kompyuta: korongo moja upande wa Gulwe, Mpwapwa, kule ambako mto Kinyasungwe umeisumbua reli ya kati miaka nenda rudi. Mimi niko Dodoma, nashughulikia maji. Mwenzangu yuko Dar es Salaam, yeye ni mtu wa zege la kalavati. Wote tunafungua kivinjari tu. Hesabu zinapigwa kwenye seva, yaani kompyuta za mbali ambazo hatujawahi kuziona.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: si uongeze seva, kazi iishe haraka? Aliyewahi kwenda msaragambo wa kuchimba mtaro anajua jibu. Watu wakizidi, majembe yanagongana.

Chukua boksi la maji lililokatwa vijiboksi vidogo vya kupigia hesabu, tunaviita seli: milioni moja, yaani 100 kila upande. Ukiligawa kwa kompyuta 8, kila moja inapata seli 125,000, na zinazopakana na majirani ni 7,351, hata asilimia 6 hazifiki. Ukiligawa kwa 1,000, kipande cha katikati kina seli 1,000 na kati ya hizo 488 ziko mpakani. Karibu nusu! Hesabu huendeshwa kwa vipande vifupi vya muda, na kila hatua ya muda, seli za mpakani hupashana habari za kasi na presha kabla hatua nyingine haijaanza, na kompyuta ya polepole kuliko zote ndiyo inayowachelewesha wenzake.

Halafu kuna bando. Presha na kasi za pande tatu ni namba nne kwa kila seli, baiti 8 kila namba: megabaiti 32 kwa hatua moja. Hatua 1,000 ni gigabaiti 32, na kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde utazipakua saa saba (umeme usipokatika). Ndiyo maana matokeo tunayaacha hukohuko kwenye seva, kivinjari kinaletewa picha tu.

Lakini kilichotuumbua hakikuwa mtandao. Nilituma presha kwa kilopaskali, programu ya mwenzangu ikazisoma kama paskali, yaani ndogo mara elfu. Mafuriko yakapiga, kalavati halikutikisika hata kidogo, nasi tukafurahi siku nzima. Siku hizi kila namba inayovuka kwenda kwake inabeba kipimo chake; isipobeba, mfumo unaikataa.