Fitingi Ikiingia, Si Lazima Iwe Yenyewe

Katika gereji nyingi za ekskaveta na matrekta, mafundi huamini kwamba fitingi (kiungio cha mpira wa mafuta ya haidroli) ikishaingia na nati ikazunguka hadi mwisho, basi ndiyo yenyewe. Kwa maoni yangu, hakuna dhana inayovujisha mafuta kama hii. Fitingi ya JIC (mfumo wa Kimarekani) ya mpira wa nusu inchi ina nyuzi za skrubu zenye kipenyo cha inchi 3/4, nyuzi 16 kwa kila inchi, na koni yake, yaani uso wa mshazari unaoziba mafuta, ina pembe ya digrii 37. Fitingi ya saizi hiyohiyo yenye koni ya digrii 45 ina nyuzi zilezile. Zitafungana vizuri kabisa, ila koni zitagusana kwenye mstari mwembamba tu, na fundi anayezidi kukaza ili kuzuia mvujo huishia kuipasua nati. Vivyo hivyo, nyuzi za M18×1.5 (kipenyo cha milimita 18, uzi mmoja kila milimita 1.5) za mfumo wa DIN wa Ujerumani hutumika kwa bomba jepesi la milimita 12 na pia kwa bomba zito la milimita 10. Kwa hiyo, baada ya kupima nyuzi, ni lazima kuchunguza mahali fitingi mbili zinapokutana.

Wengine hudhani jina la saizi ndicho kipimo cha nyuzi. Ukiibana fitingi dume (yenye nyuzi kwa nje) ya BSP, kiwango cha Kiingereza cha nyuzi za bomba, ya robo inchi kwa kalipa, utasoma takriban milimita 13.2, yaani zaidi ya nusu inchi, kwa sababu jina lilitokana na tundu la bomba. Anayetegemea rula ataagiza ya nusu inchi, ambayo kwa kweli inakaribia milimita 21. Mpira wenyewe nao hupimwa kwa ndani.

Si kweli pia kwamba BSP na NPT (kiwango cha Kimarekani cha nyuzi za bomba) ni kitu kimoja. Katika nusu inchi zote zina nyuzi 14 kwa inchi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Lakini uzi wa BSP una pembe ya digrii 55 na wa NPT digrii 60. Katika robo inchi tofauti huonekana upesi, kwani ya kwanza ina nyuzi 19 na ya pili 18: weka geji ya nyuzi (bamba lenye meno) ya aina moja juu ya nyuzi za aina nyingine, uinue kuelekea kwenye mwanga, na utaona meno yakipanda mgongo wa uzi badala ya kukaa.

Tepu nyeupe haitibu kosa la kuchanganya fitingi. Inafaa kwenye nyuzi zilizochongoka tu, yaani zinazopungua kipenyo kuelekea mwisho. Penye koni au oringi haizibi chochote, na vipande vyake huweza kuingia kwenye vali.

Nyuzi za dume kwa kawaida husomeka chini kidogo ya kipimo cha jedwali la nyuzi, hivyo milimita 20.8 bado ni BSP ya nusu inchi.