Je, wajua kipima gesi kinaweza kulia bila gesi kuwapo?

Siku ya zoezi la gesi kwenye chuo cha zimamoto, utamwona mtu kavaa suti nzito, mtungi wa hewa mgongoni, akinyata na kipima gesi mkononi. Kipima kinaanza kulia, namba zinapanda: 5, 20, 60. Anarudi nyuma haraka. Kumbe hapo hakuna gesi hata chembe.

Kipima hicho ni pacha wa kile halisi kwa umbo na vitufe, ila ndani hakina kihisi cha gesi, kina kipokezi cha mawimbi. Mkufunzi huficha kisambaza mawimbi karibu na vali "inayovuja". Mwanafunzi akikaribia, mawimbi hupata nguvu na namba hupanda.

Kwa nini wasitumie gesi yenyewe, japo kidogo? Kwa sababu gesi haijui kama leo ni mazoezi. Sulfidi ya hidrojeni, kwa mfano, ikiwa kidogo hunuka kama yai viza, lakini ikifikia takriban sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa. Mtu hudhani imekwisha, kumbe imezidi. Kaboni monoksidi haina harufu kabisa. Methani nayo hulipuka ikikutana na cheche pale inapokuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa.

Kinachonivutia zaidi ni uchelewaji. Kihisi halisi hakijibu papo hapo. Vingi huchukua sekunde kadhaa, hata nusu dakika, kabla namba haijatulia. Kifaa kizuri cha mazoezi huiga uzito huo wa kujibu. Mwenye papara hupita palipovuja kipima kikiwa bado hakijazinduka. Mwenzake anayesimama kila baada ya hatua chache na kushusha kipima hadi karibu na sakafu ndiye anayepagundua.

Mbona sakafuni? Klorini ni nzito karibu mara mbili na nusu kuliko hewa, na gesi ya kupikia ya mitungini hutambaa chini vilevile. Methani ni nyepesi, hukimbilia darini. Mawimbi hayana habari na mambo hayo, kwa hiyo kazi inabaki kwa mkufunzi: akikiweka kisambaza juu ya kabati katika zoezi la klorini, amefundisha uongo, tena uongo wa hatari.

Kuziba sasa ndiko kusikoigwa kwa mawimbi. Bomba lililotobolewa makusudi hupitishiwa maji yenye presha, mwanafunzi akapewa kabari ya mbao na nyundo. Maji humrukia kwenye kioo cha barakoa asione kitu, glavu nene zimemnyima vidole, na kabari ikimponyoka inabidi apige magoti aipapase sakafuni, huku king'ora cha mtungi wake kikimwambia hewa inakaribia kwisha.